Karakana ya Uani: Tuanze na Kivuli na Kufuli

(Mada iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia na wageni wetu wafadhili, Chimwaga, Dodoma)



Tunamshukuru Mungu aliyetukutanisha tena hapa Chimwaga. Wengi wetu tulilifahamu jina hili kwanza kwa sababu ya ukumbi wa mikutano wa chama, kabla Chuo Kikuu cha Dodoma hakijaanzishwa mwaka 2007 na kulienea eneo hili. Ukisimama leo kwenye mwinuko huu unaona mapaa mapya kila upande. Tangu mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo, na baada ya mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, ujenzi haujasimama. Kila nyumba inayojengwa inahitaji milango, madirisha, vitanda, meza na makabati. Vijana wetu wengi wamejifunza kazi hizo. Hata hivyo wengi wao hawazifanyi. Mada yetu ya leo inahusu sababu mojawapo, na sababu hiyo inatugusa sisi wenyewe.

1. Kosa letu

Kwa miaka kadhaa shirika letu lilikuwa na utaratibu wa kumkabidhi kila kijana aliyehitimu useremala sanduku la vifaa: randa, msumeno, patasi, nyundo, keekee ya mkono, pimamaji na jiliwa. Tulipiga picha, tukaimba, tukawatakia heri. Kwenye taarifa kwa wafadhili tuliandika kwamba vijana hao wamewezeshwa.

Baadaye tulikwenda kuwatembelea majumbani. Kijana wa kwanza alikuwa akifanya kazi chini ya mwarobaini. Mbao zake zilikuwa zimepinda kwa jua, na mvua za Januari zilipoanza alisimama kabisa. Wa pili alikuwa ameuza randa na jiliwa kulipia matibabu ya mama yake, na siku hizi anaendesha bodaboda. Hatumlaumu. Vifaa ambavyo havijaanza kuleta kipato hugeuka akiba ya dharura, na dharura haichelewi kuja. Wa tatu alikuwa amejitahidi kuliko wote. Alikopa, akachimba msingi wa karakana kubwa, akapandisha kuta mpaka usawa wa lenta, kisha fedha zikaisha. Kuta zile zilinyeshewa misimu miwili bila paa, na tofali za juu zilikuwa zimeanza kumomonyoka.

Wa nne alikuwa binti. Alitupokea vizuri, akatuwekea viti, kisha akatoa sanduku chini ya kitanda, likiwa safi kama siku tulipompa. Akasema, "Wakubwa zangu, randa mmenipa na ninawashukuru. Lakini ikiisha kazi, usiku ilale wapi?" Chumba kile alilala na wadogo zake wawili. Kule uani hapakuwa na mlango wenye kufuli. Tulirudi njiani tukiwa kimya.

Katika Injili ya Luka Bwana wetu anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hana budi kukaa kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza na watu wakamcheka. Yule kijana wa kuta alichekwa na majirani. Sisi tuliotoa vifaa bila kuuliza vitakaa wapi hatukuchekwa na mtu, ingawa kosa letu lilikuwa lile lile.

2. Kazi itangulie jengo

Fundi anayeanza huuliza, "Karakana iwe na ukubwa gani?" Kamati imsaidie kuanza na swali jingine: atatengeneza nini katika miezi sita ya kwanza, na nani atanunua? Mtu wa stuli na meza ndogo anahitaji nafasi tofauti na mtu wa milango. Mlango wa kawaida ni futi 7 kwa 3. Kitanda cha futi 5 kwa 6 kikiunganishwa kinachukua nafasi ya kutembea pande zote. Na mbao tunazonunua, nyingi zikitoka Mafinga, huja na urefu wa futi 12.

Basi mwenye kuanza achukue uzi, mambo na majivu ya jikoni, achore karakana yake uani. Tunapendekeza futi 16 kwa 12. Kona zinyooshwe kwa njia waijuayo mafundi wote: futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, na mshazari ukifika futi 5 kona imekaa sawa. Kisha achore benchi la futi 6 kwa 2, aweke mlango, achukue ubao halisi wa futi 12 na kutembea nao humo ndani kama mtu aliye kazini.

Binti yetu alifanya hivyo mbele yetu, akiwa na mchoro tuliomletea sisi. Ubao uligonga ukuta wa majivu mara mbili. Akasema, "Mchoro wenu mzuri, lakini ubao haugeuki." Alikuwa na haki. Mlango tulikuwa tumeuweka katikati ya upande mrefu. Akauhamishia upande mfupi wa magharibi, sambamba na benchi, na upande wa mashariki akachora kidirisha usawa wa benchi lile. Siku atakapopata mashine ya kupasulia, ubao wa futi 12 utahitaji futi 12 kabla ya msumeno na futi 12 baada yake, jumla futi 24. Chumba kina 16 tu. Futi zinazobaki zitatoka nje kupitia mlango na kidirisha. Kwa majivu ya jikoni alituokolea gharama ya kubomoa ukuta.

3. Mahali pa kujenga

Kabla ya jembe kugusa ardhi, kamati ihakikishe mambo matatu.

Kwanza, umiliki na kibali. Kijana aandikiane na mzazi au mwenye kiwanja, ili mzee akiondoka duniani karakana isigeuke ugomvi wa mirathi. Kisha aende kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, na kutoka hapo Halmashauri ya Jiji, kuuliza juu ya kibali cha ujenzi na umbali wa kuacha mpakani. Hapa Dodoma wazee wamezoea kusema "twende CDA". Mamlaka hiyo ilivunjwa mwaka 2017 na majukumu yake yakahamia halmashauri. Jirani naye aambiwe mapema, kwa kuwa msumeno unapiga kelele na mgonjwa au mtoto mchanga anaweza kuwa upande wa pili wa ukuta.

Pili, udongo. Penye udongo mweusi wa mbuga tusijenge kama kuna njia nyingine. Udongo huo huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, na ukuta hupasuka nao. Tuchague udongo mwekundu au wa kichanga, mahali palipoinuka kidogo, ambapo maji ya mvua hayapiti.

Tatu, jua na upepo. Pande ndefu ziangalie kaskazini na kusini, ili jua kali la asubuhi na la jioni lipige pande fupi tu. Upepo wa kiangazi hapa kwetu huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Kwa hiyo stoo na kona ya kupaka vanishi zikae upande wa mashariki, na vumbi la msumeno lisukumwe kuelekea mlango wa magharibi. Fundi aliyekosea hapo hupaka vanishi asubuhi, na mchana anaukuta mlango umeota vumbi.

4. Mafundisho ya tembe

Wazee wa Kigogo hapa wanajua tembe lilivyojengwa. Nguzo zenye panda zilisimamishwa kwanza, zikabeba magogo na paa la udongo. Ukuta wa fito na udongo ulikuja kuziba, na ukuta ukiharibika paa halikuanguka, kwa sababu mzigo ulikuwa juu ya nguzo. Hekima hiyo ndiyo tunayoiomba kwa karakana ya mwenye kuanza. Nguzo na paa vitangulie na kuta zifuate. Tumeigawa kazi katika hatua tatu, na kila hatua ikikamilika iweze kutumika hata kama ya pili itachelewa mwaka mzima.

Hatua ya kwanza: kivuli, benchi na kufuli. Nguzo sita za mkaratusi zilizotiwa dawa zisimame, nne kwenye kona na mbili katikati ya pande ndefu, mahali hasa ambapo kuta zitapita baadaye. Zisizikwe tupu ardhini, maana mchwa wa Dodoma hana msamaha. Zikae juu ya vitako vya zege vilivyochimbwa futi 2, vikitokeza juu ya ardhi, zikikamatwa kwa chuma kilichozamishwa kwenye zege, na juu zifungwe kwa mbao za mshazari zisiyumbe. Paa liwe la mteremko mmoja: futi 10 upande wa kaskazini, ili mwanga uingie, na futi 8 upande wa kusini. Bati mbili za futi 8 zikipandiana futi moja zinafika futi 15, zinatosha futi 12 za chumba na kubakiza futi moja na nusu ya kivuli kila upande.

Hapa kuna onyo. Kibanda kisicho na kuta huingiwa na upepo kwa chini, na upepo huo husukuma bati kwenda juu. Misumari peke yake haitoshi. Kila papi ifungwe kwenye boriti, na kila boriti kwenye nguzo, kwa ukanda wa chuma au waya mnene wa kufungia nondo. Wengi wetu tumeona darasa au kanisa lililoezuliwa kwa dhoruba ya dakika chache mwezi Desemba.

Kona ya kusini-mashariki ijengwe stoo ndogo ya futi 6 kwa 4, ya tofali, yenye mlango wa mbao ngumu na kufuli la maana. Hilo ndilo jibu la swali la binti yetu. Benchi liwe zito lisilotikisika, likae upande wa kaskazini penye mwanga. Kimo chake kipimwe kwa mwili wa mwenye kulitumia: asimame wima, mikono ikining'inia, na uso wa benchi ufikie pale kiganja kinapoungana na mkono. Benchi lililopimwa kwa mtu mwingine huumiza mgongo.

Hatua ya pili: msingi, kuta na sakafu. Mawe tumejaliwa mengi. Msingi wa mawe uinuke angalau futi moja na nusu juu ya ardhi, ili njia za mchwa zionekane na maji yasirukie ukuta. Kuhusu tofali, tunaomba tufikiri. Tofali za kuchoma hula kuni nyingi, nasi ni watu wa ardhi iliyokwisha kuchoka. Wazee wanaukumbuka mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973 kwa sababu ya mmomonyoko uliokuwa ukila nchi hii, hasa Kondoa. Njia nyingine ni tofali za udongo na saruji kidogo zinazofungamana, zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa, kama zile zilizofanyiwa utafiti na kuenezwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Kijana anaweza kufyatua chache kila jumamosi. Sharti ni udongo upimwe kwanza, na tofali zifunikwe na kumwagiliwa maji kwa siku zisizopungua saba. Tofali ya saruji iliyokaushwa juani kwa haraka huvunjika mkononi.

Hatua ya tatu: umeme na mashine. Hatua hii ije wakati kazi yenyewe imeanza kuilipia. Keekee ya umeme, randa ya umeme na msumeno mdogo hutumia umeme wa kawaida wa nyumbani. Mashine kubwa zinahitaji njia tatu, na gharama yake ni jambo lingine kabisa. Nyaya zifungwe na fundi aliyesajiliwa. Ardhi yetu ni kavu, na waya wa kutuliza umeme hufanya kazi vibaya kwenye udongo mkavu. Chuma chake kizamishwe kwa kina na udongo wake umwagiliwe mara kwa mara wakati wa kiangazi. Anayetaka kuongeza uchomeleaji wa vyuma aufanyie mbali na mbao. Cheche moja kwenye vumbi la randa inatosha kuteketeza jasho la miaka mitatu. Ndoo mbili za mchanga zikae mlangoni, na vumbi lifagiliwe kila jioni.

5. Paa ni kisima

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na wastani wake kwa mwaka ni kati ya milimita 550 na 600 hivi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Paa tulilolieleza, pamoja na kingo zake, lina karibu mita 25 za mraba. Kwa milimita 550 ni lita 13,750. Tukitoa sehemu ya tano kwa ajili ya yanayopotea, zinabaki lita 11,000. Paa la futi 8 upande wa kusini liwekewe mfereji na pipa au tangi. Maji hayo yatafyatua tofali za hatua ya pili, na mama nyumbani atapunguza ndoo za kununua. Familia ikiona faida ya karakana kabla ya stuli ya kwanza kuuzwa, itailinda.

6. Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kununua msumari, kijana aandike kila kitu cha hatua ya kwanza tu, aulize bei katika maduka matatu, na juu ya jumla aongeze sehemu ya kumi kwa mambo yasiyotarajiwa. Kisha aandike mambo yasiyohitaji fedha: mawe, mchanga, kuchimba, kubeba, mikono ya jumuiya ndogo ndogo. Anayetaka ushauri wa biashara aende SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Anayetaka kuongeza ujuzi aende VETA au chuo cha ufundi kilicho karibu naye.

7. Ombi letu

Ndugu wajumbe, kuanzia sasa tunapendekeza msaada wetu ugawanywe. Kijana asipewe sanduku zima siku moja. Apewe kwanza bati, nguzo, saruji ya stoo na kufuli, pamoja na vifaa vinne vya mwanzo. Vifaa vingine vifuate kamati ikishafika uani na kuona kwa macho kwamba hatua imekamilika na kazi ya kwanza imeuzwa. Tusitumie barua kwa jambo hili. Twende kwa miguu.

Wafadhili wetu, kwenu tuna ombi gumu zaidi. Kwa fedha ile ile iliyotosha masanduku ya vijana sita, utaratibu huu utawafikia vijana wanne. Taarifa yetu ya mwaka itakuwa na idadi ndogo zaidi, na picha ya kibanda cha nguzo sita haipendezi kama picha ya vijana sita walioshika randa mpya. Tunawaomba mkubali idadi hiyo, na mtuulize kila mwaka ni wangapi kati yao wanaofanya kazi bado. Tusipoweza kujibu swali hilo, mtubane.

Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Mbili aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Tunapoiadhimisha tukumbuke kwamba seremala yule wa Nazareti naye alihitaji mahali pa kuweka vifaa vyake usiku.

Mtauliza habari za binti yetu. Karakana yake haijakamilika. Ana nguzo sita, bati, benchi na stoo yenye kufuli. Kuta zimefika kozi ya nne upande wa mashariki, kwa tofali alizofyatua mwenyewe kwa fedha za stuli na fremu za madirisha. Mara ya mwisho tulipokwenda hakututolea viti vya sebuleni. Alitukalisha kwenye stuli zake, akatuambia tusizoee sana maana zina mwenyewe, kesho zinachukuliwa.

Mungu azibariki kazi za mikono yetu.